Jinsi ya kukagua tuta la bwawa kongwe la umeme kabla ya masika

Oktoba iliyopita nilikaa siku nne kwenye bwawa moja huku Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania. Ni bwawa dogo: tuta la udongo la mita tisini hivi kwa urefu, kimo chake kama mita nane, na chini yake kuna mtambo unaowasha zahanati, shule na mashine ya kusaga. Limejengwa kabla sijazaliwa. Michoro haipo, aliyelijenga hayupo, na anayelijua kuliko mtu yeyote ni mzee mlinzi ambaye amelala pembeni yake zaidi ya miaka ishirini. Barua ilikuwa imefika kwamba mtaalamu wa usalama wa mabwawa atakuja kulikagua, mwenye bwawa akashtuka, akanipigia.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Sina mamlaka ya kusema bwawa hili ni salama au si salama, na mwongozo huu haukupi wewe mamlaka hayo. Utakusaidia mtaalamu akifika akute bwawa linaloonekana na daftari linalosomeka. Nimeuandika kwa mabwawa ya udongo. Kama lako ni ukuta wa mawe au zege, mengine yatakufaa na mengine hayatakufaa.

Kwanza, jua uko chini ya nani

Watu wengi wenye mitambo midogo hukosea hapa. Mtambo usiofikia megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha umeme kama ile ya wakubwa, kwa hiyo mtu anajisemea, "Sisi wadogo, hawatuhusu." Umeme ni habari moja na bwawa ni habari nyingine. Bwawa linasimamiwa na sheria ya maji, yaani Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa zilizotoka 2013 chini yake. Mwenye bwawa ndiye mwenye wajibu wa kulitunza, hata kama alilirithi kwa wamisionari au kwa mkoloni.

Kwa huku kwetu mlango wa kubisha ni ofisi ya bonde. Maji ya Ruaha Ndogo na ndugu zake ni Bonde la Rufiji, ofisi iko Iringa. Yanayoingia Ziwa Rukwa, ofisi iko Mbeya mjini. Kiwira na mito mingine inayoshukia Ziwa Nyasa, ofisi iko Tukuyu. Angalia tu kwamba mito inayoitwa Songwe ni miwili: mmoja unaingia Rukwa, mwingine unapita mpakani na Malawi kuingia Nyasa. Nimeona mtu amepanda basi hadi Tukuyu na faili lake ni la Mbeya.

Hatua ya 1: Fyeka

Fyeka tuta zima, upande wa maji na upande mkavu, na mita tano zaidi kuanzia mguu wa tuta kwenda chini. Tumia fyekeo. Usichome moto, kwa sababu ukichoma unabaki na udongo mtupu na mvua ya Novemba itaanza kuchimba vijifereji.

Vichaka ng'oa. Miti mikubwa USIKATE. Kwenye tuta lile kulikuwa na miwati miwili iliyonona na mkaratusi mmoja ambao siwezi kuukumbatia, na kijana wa msumeno alishafika na kuwasha mashine. Nikamsimamisha. Mti ukikatwa, mizizi inaoza humo humo ndani ya tuta, na baada ya miaka michache unakuwa umeyachimbia maji mfereji uliokwisha tengenezwa. Mti mkubwa unaondolewa pamoja na shina na mizizi, shimo linajazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, ziwa likiwa limeshushwa. Kazi hiyo inasimamiwa na mtaalamu. Wewe funga kitambaa chekundu kwenye shina, andika unene wake, endelea.

Ukishafyeka, tembea polepole ukitafuta mashimo ya fuko na nungunungu. Choma kijiti kila shimo.

Hatua ya 2: Mgongo wa tuta

Swali ni moja tu: wapi pako chini kuliko pengine pote? Maji yakipanda, yatapita pale penye bonde, na hayatajali kwamba tuta "kwa wastani" liko juu. Kwa kawaida ni pale ng'ombe wanapovukia au bodaboda wanapokatiza.

Chukua mpira mweupe wa kupimia levo, ule wa mafundi uashi, mita kumi na tano au ishirini. Piga vigingi kila mita tano mgongoni, hamisha levo kutoka kigingi hadi kigingi, andika tofauti. Mwisho hamisha levo hadi kwenye kingo ya utoro (njia ya kumwagia maji ya ziada), pale maji yanapoanzia kumwagika. Tofauti kati ya kingo ya utoro na sehemu ya chini kabisa ya mgongo ndiyo namba unayoitaka. Kwetu ilitoka sentimita 74, wakati mwenye bwawa alikuwa akiwaambia watu ni mita moja na nusu.

Kuna vijana wanafanya hili kwa simu. Programu ya simu inakupa kimo kwa kosa la mita kadhaa, na hapa tunatafuta sentimita. Tumia mpira. Hakikisha tu hauna povu la hewa ndani.

Hatua ya 3: Mvujo

Hapa ndipo nilipoteza siku nzima, kwa hiyo nitakaa sana.

Kila tuta la udongo linavuja. Ukiambiwa bwawa la udongo halivuji hata tone, ujue hakuna aliyefyeka akaangalia. Kuvuja kwenyewe hakutishi. Unachokitafuta ni mabadiliko: je, kimo cha ziwa kikiwa kilekile, maji yanayotoka leo ni mengi kuliko ya mwaka jana? Na je, yanatoka na udongo? Ndiyo maana bila daftari mkaguzi hata awe na shahada tatu anakisia tu.

Mzee alinipokea na "kamwene", salamu ya huku, na daftari lake, kaunta buku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilitamani kumkumbatia. Miaka sita ya vipimo, kila Jumatatu, kwa penseli. (Penseli ndiyo kalamu ya bwawani. Ukungu wa Mufindi unageuza wino kuwa dawa ya macho.) Pale mguuni pa tuta maji ya mvujo yalikuwa yamekusanywa kwenye kimfereji, na kimfereji kimezibwa na bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90. Maji yanapita kwenye mkato, unasoma kimo chake, unapata kiasi. Kanuni yake, kimo kikiwa kwa sentimita na jibu kwa lita kwa sekunde, ni 0.0138 mara kimo kipeo 2.5. Ukiona hesabu hiyo inakera, chukua hizi: sentimita 5 ni lita 0.77; sentimita 6 ni lita 1.2, sentimita 7 ni lita 1.8, sentimita 8 ni lita 2.5, sentimita 10 ni lita 4.4. Ona jinsi sentimita moja tu inavyobeba maji mengi. Kosa dogo la rula ni kosa kubwa la jibu.

Siku ile rula ilisoma 7. Lita 1.8, sawasawa na Jumatatu nyingi za Oktoba kwenye daftari. Kwa mazoea nikakinga na ndoo kuhakikisha. Ndoo ya lita 20 ikajaa kwa sekunde 8.2. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile, yaani lita 2.4 kwa sekunde.

Lita 0.6 zimetoka wapi? Nikaamini ndoo si ya lita 20. Tukaenda nayo kwenye duka la mbolea, tukaipima na maji, kilo 20 kasoro kidogo. Ndoo iko sawa. Nikaamini maji yanapita chini ya bamba na kutokea mbele, tukachimba, tukafunika kwa mfinyanzi, tukasubiri. Hakuna. Nikaanza kufikiri mvujo umeongezeka asubuhi ileile, na nikiri kwamba kwa nusu saa hivi nilikuwa nikiangalia tuta kwa jicho la kuhesabu njia ya kukimbilia.

Jioni mzee akaniuliza, "Mwanangu, kwani maji pale mlangoni hayajainama?"

Yalikuwa yameinama. Maji yakikaribia mkato yanaanza kushuka kabla hayajaufikia, kama watu wanavyoinama kabla ya kuingia mlango mfupi. Rula ilikuwa imepigiliwa kwenye bamba lenyewe, pembeni kabisa mwa mkato, kwa hiyo ilikuwa inasoma maji yaliyokwisha inama. Hapo zilipotea milimita 6. Halafu sifuri ya rula haikuwa sawa na ncha ya chini ya V. Ilikuwa juu yake kwa milimita 3. Jumla sentimita 0.9. Kimo halisi ni 7.9, na 7.9 inatoa lita 2.4. Ndoo ilikuwa inasema kweli tangu asubuhi.

Kwa hiyo, ukiweka au ukirekebisha kipimio chako, rula iwe nyuma ya bamba, upande maji yanakotoka, kwa umbali usiopungua mara nne ya kimo kikubwa unachotarajia. Mimi naweka sentimita 60 na silalamiki. Sifuri ya rula iwe levo moja na ncha ya chini ya V, na hapa tena ni mpira wa levo, si jicho. Bamba lisimame wima, makali ya mkato yawe membamba, na maji yaanguke huru upande wa mbele, hewa ipite chini yake. Ukiona maji yanateleza yamegandamana na bamba, kimo ni kidogo mno. Chini ya sentimita 5 mimi siamini V kabisa, natumia ndoo. Toa tope na majani nyuma ya bamba kisha subiri maji yatulie kabla ya kusoma. Nusu saa inatosha.

Na daftari la zamani? Usilitupe, na tafadhali usifute namba kwa kifutio ili uandike "sahihi". Rula iliyokosea kwa namna ileile kwa miaka sita bado inaonyesha kama mvujo unaongezeka au la. Tulichora mstari mwekundu kwenye ukurasa, tukaandika tarehe na maneno "rula imehamishwa", na kwa wiki sita mzee akasoma rula zote mbili ili vipimo vya kale viweze kulinganishwa na vipya. Usipofanya hivyo, mkaguzi ataona mvujo umeruka kutoka 1.8 hadi 2.4 kwa siku moja, na atakuwa na haki ya kuamuru ziwa lishushwe.

Kila kipimo kiende na vitu viwili: kimo cha ziwa siku hiyo, na mvua ya siku iliyotangulia. Bila kimo cha ziwa namba ya mvujo haina maana, kwa sababu ziwa likipanda na mvujo unapanda, hiyo ni kawaida. Ziwa likiwa palepale na mvujo ukapanda, piga simu. Kuhusu mvua, chimba kijifereji juu ya kipimio ili maji yanayotiririka kwenye nyasi za tuta yasiingie humo, la sivyo masika yote utakuwa unapima mvua.

Sasa rangi. Huku kwetu udongo ni mwekundu na kila kitu kina rangi ya kutu, kwa hiyo macho yanadanganya. Ule utelezi wa rangi ya machungwa unaoganda kwenye mawe ni vijidudu vya chuma, unausugua vidoleni hauna chembe. Udongo una chembe. Kuondoa ubishi, kinga maji ya mvujo kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu isiyo na rangi, bandika tarehe, iache usiku kucha. Asubuhi angalia kilichotulia chini. Mzee sasa anapanga chupa dirishani, moja kwa kila mwezi, na mjukuu wake anadhani ni dawa. Maji machache yenye udongo ni hatari kuliko maji mengi meupe. Udongo ukionekana kwenye chupa, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, na hapo hakuna kusubiri Jumatatu.

La mwisho kwenye mvujo, na hili nitalisema kwa ukali: USIZIBE. Fundi mmoja kwenye bwawa jingine alikuta pameloa kwenye upande mkavu, akapaka saruji safi kabisa, kazi nzuri ya kupiga picha. Baada ya miezi miwili pakaloa mita moja na nusu juu zaidi. Maji yaliyokuwa yanatoka hayakukata tamaa. Yalinyimwa mlango, yakajikusanya ndani ya tuta, yakalilowesha na kulidhoofisha, kisha yakatafuta mlango mwingine. Ukilazimika kufanya kitu wakati mtaalamu yuko njiani na unaona udongo unatoka, acha maji yatoke lakini zuia udongo: weka mchanga safi wa mtoni kwanza, wa chembe nene, kama unene wa shubiri mbili, kisha kokoto juu yake. Mchanga uanze, kokoto zifuate. Ukimwaga kokoto moja kwa moja juu ya udongo, udongo utapita kati ya mawe kama unga kwenye chekecheke. Na kama maji yanachemka chini nje ya tuta kama kichemchemi, kizungushie viroba vya mchanga ili maji yapande humo ndani kidogo na kupunguza nguvu, usikifunike.

Chunguza zaidi pale bomba linalopeleka maji mtamboni linapotokea kwenye tuta. Bomba la chuma la miaka hamsini lina kutu, na maji yanapenda kutembea nje ya bomba kama mgeni anayefuata ukuta gizani. Unyevu hapo nauogopa mara mbili ya unyevu mahali pengine.

Hatua ya 4: Utoro

Ondoa kila kitu: magogo, nyavu, magugu. Halafu ondoa viroba. Kila mwaka kuna mtu anaweka viroba vya mchanga au mbao kwenye utoro ili ziwa libaki na maji zaidi kwa ajili ya kiangazi, umeme usikatike Septemba. Namwelewa. Lakini zile sentimita 74 tulizopima, kiroba kimoja kinakula ishirini.

Kama utoro ni mdogo tangu ulipojengwa, huwezi kuuponya kwa kufagia. Marekani kuna bwawa la umeme mdogo liitwalo Edenville, la mwaka 1924, jimbo la Michigan. Mamlaka ya shirikisho ilimnyang'anya mwenyewe leseni ya umeme 2018 kwa sababu alishindwa kuupanua utoro, miaka nenda rudi. Usimamizi ukahamia kwa jimbo. Mei 2020 tuta likakatika, watu wapatao 10,000 wakahamishwa. Ajabu ni kwamba lilikatika kabla maji hayajafika mgongoni: sehemu ya tuta ilikuwa na mchanga uliolegea ndani, ukageuka uji. Wote walikuwa wakitazama utoro. Ndiyo maana utoro nimeupa aya mbili na mvujo nimeupa nusu ya mwongozo.

Hatua ya 5: Geti la chini

Ni lile la kushushia ziwa. Lizungushe. Kama halijazungushwa miaka kumi, usilazimishe kwa bomba refu. Ukivunja fimbo yake ya kuzungushia geti likiwa wazi nusu, umejitafutia mwaka mbaya. Grisi, subiri siku mbili, jaribu tena, robo mzunguko kwenda na kurudi. Waambie walioko chini mtoni kabla ya kufungua. Na unaposhusha ziwa kwa kawaida, isipokuwa hatari ya kweli, nenda polepole. Mimi sizidi sentimita 30 kwa siku, kwa sababu udongo wa upande wa maji ukiachwa umelowa ghafla bila maji ya kuuegemea, unaporomoka.

Hatua ya 6: Simu

Bandika ukutani namba za mwenyekiti wa kijiji kilicho chini, mwendesha mtambo, ofisi ya bonde na mtaalamu. Zijaribu zote. Namba tatu kati ya saba tulizokuta ukutani zilikuwa hazipatikani, na mmoja alikuwa marehemu. Bwawa la shambani la Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa majumbani mwao. Kwa hiyo simu peke yake haitoshi; usiku simu zimezimwa au chaji imeisha. Tulikubaliana na kijiji kengele ya shule ipigwe bila kukoma, na watu wapande upande wa kanisa, si upande wa barabara, kwa sababu barabara inapita bondeni.

Mkaguzi alifika wiki ya tatu ya Novemba, mvua zimeshaanza. Alitumia dakika kama arobaini tutani na karibu saa tatu kwenye daftari la mzee. Ameagiza ile miti itolewe kiangazi kijacho, bonde la mgongoni lijazwe, na ripoti ya utoro iandaliwe upya. Jana mzee kanipigia: ziwa limepanda sentimita 12, V inasoma 8.3, chupa nyeupe. Nimemwambia kwa sasa asome asubuhi na jioni. Akasema, "Mwanangu, mbona nilishaanza tangu juzi."